Huyo Mtoto wa Kerala Amekukosea Nini?

Leo sina neno laini. Kama ulikuja kutafuta aya ya kuanzia siku, rudi kwenye ujumbe wa jana. Huu wa leo ni bakora ya kindugu, na wa kwanza kuinama ni sisi wachungaji.

Ile picha imerudi. Wiki hii nimetumiwa na watu watano, na wawili kati yao wanaongoza idara kanisani. "Pastor, ona, mwanaume amebeba mimba! Siku za mwisho hizi." Halafu emoji za kucheka, mstari mzima. Kwenye kikundi kimoja cha maombi, kilichoanzishwa kuombea wagonjwa, mtu ameandika kwamba ni nguvu za giza. Mwingine amesema ni picha ya kutengenezwa na kompyuta. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeninyima usingizi, ameandika kwamba watu kama hao wangehasiwa tu wote yaishe. Watu kumi na wawili wakamwekea kidole gumba. Nimewahesabu. Nawajua kwa majina, na Jumapili walipokea Meza ya Bwana.

Sasa tukae chini.

Mithali 18:13 inasema anayejibu kabla hajasikia anajivika upumbavu na aibu. Basi sikia kwanza. Wale ni Zahhad na Ziya Paval, wa Kozhikode, jimbo la Kerala, kusini mwa India. (Kozhikode ndiyo Calicut mliyosoma shuleni, pale Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 akitokea Malindi yetu. Kwa hiyo si sayari nyingine.) Zahhad alizaliwa msichana, anaishi kama mwanamume. Ziya alizaliwa mvulana, anaishi kama mwanamke. Ndio wanaoitwa transjenda. Wote wawili walikuwa kwenye matibabu ya homoni. Walitamani mtoto. Walifikiria kuasili, wakaona njia ya sheria ni nzito kwa watu kama wao. Zahhad alikuwa ameondolewa matiti, lakini tumbo la uzazi lilikuwa bado lipo. Wakasimamisha homoni. Mimba ikaingia, na Februari 2023 mtoto akazaliwa kwa upasuaji katika hospitali ya serikali. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kerala ikakubali cheti cha mtoto kiandikwe "wazazi" badala ya kutenganisha baba na mama.

Hayo ndiyo mambo yalivyo. Hakuna kompyuta hapo, hakuna jini.

Na wala si wa kwanza. Mwaka 2008 kule Oregon, Marekani, Thomas Beatie alijifungua binti, dunia nzima ikasimama kutazama. Yeye naye alizaliwa wa kike na sheria ilikuwa imeshamtambua kama mwanamume. Mke wake hakuweza kushika mimba, kwa hiyo Thomas akaacha homoni akaibeba yeye. Wakati ule ndugu zangu wengine walihubiri kwamba ni ishara ya mwisho. Watoto wa Beatie sasa ni vijana wakubwa, na sisi bado tuko hapa tunahubiri ishara ile ile.

Niseme kitu kando. Mungu ametupa lugha yenye neema. Mwingereza akitaka kuzungumza juu ya Zahhad, neno lake la kwanza tu linamlazimisha achague upande, na ugomvi unaanzia hapo kabla hajamaliza sentensi. Mimi nasema "yeye", na naweza kuendelea na kazi yangu.

Wengi mmeniuliza inawezekanaje. Nitaeleza kwa kifupi, maana ujinga wetu ndio unaozaa hizi hadithi za majini. Mtu aliyezaliwa wa kike akitumia testosteroni, sauti inazama, ndevu zinaota, na kwa kawaida hedhi inakatika baada ya miezi. Lakini ovari hazijaondoka. Mayai yamo. Wengine huendelea kupevusha yai hata wakiwa kwenye dawa, ndiyo maana madaktari husisitiza kwamba testosteroni si njia ya kupanga uzazi. Na dawa hiyo haifai mtoto akiwa tumboni, kwa hiyo anayetaka mimba lazima aiache kwanza. Upande wa pili, aliyezaliwa wa kiume akitumia estrojeni na dawa za kuzuia homoni za kiume, mbegu zake zinapungua, wakati mwingine zinaisha kabisa. Akiacha, huenda zikarudi baada ya miezi kadhaa, na huenda zisirudi. Hakuna daktari mkweli atakayekuahidi. Ndiyo maana miongozo ya kitabibu inataka mtu aelezwe habari za uzazi kabla hajameza kidonge cha kwanza, na apewe nafasi ya kuhifadhi mbegu au mayai kwenye baridi kali. Aliyekwisha kuondolewa ovari au korodani bila kuhifadhi kitu, mlango huo umefungwa.

Kwa hiyo mtoto wa Kozhikode alitoka wapi? Alitoka kwenye tumbo la uzazi. Lile lile Mungu alilolifuma, lilipoachiwa nafasi, likafanya kazi yake. Wewe unaona kichekesho. Mimi nikiona kiumbe kimefumwa gizani kikatoka hai, nakumbuka Zaburi ya 139 na nafunga mdomo.

Najua mnachosubiri. "Pastor, unasimama wapi?" Nasimama pale nilipokuwa mwaka jana na mwaka juzi. Naamini Mwanzo 1:27, kwamba Mungu aliumba mume na mke, na kwamba mwili si nguo ya kuvua. Siwezi kufungisha ndoa ile kwenye madhabahu hii, na yeyote anayenijua hahitaji kuniuliza mara mbili. Hilo nimelifundisha na nitalifundisha. Lakini kuna watu wanadhani ukishakuwa na msimamo sahihi juu ya Mwanzo 1, basi umepewa leseni ya kutukana. Soma basi mstari mzima. Kabla haijasema mume na mke, inasema mfano wa Mungu. Yakobo 3:9 analia juu ya ulimi unaombariki Baba na kisha kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake. Huyo Yakobo hakuweka orodha ya waliotolewa nje ya mfano huo.

Sasa turudi kwa yule aliyeandika "wangehasiwa tu".

Ndugu yangu, unajua hilo ulilolitamani limeshafanywa na serikali? Uswidi, nchi inayosifiwa kwa haki za watu, ilipitisha sheria mwaka 1972 kwamba mtu akitaka kubadilisha jinsia kwenye karatasi, sharti akubali asizae tena. Sharti hilo liliendelea hadi 2013. Mwaka 2018 serikali yao ikaanza kuwalipa fidia waliotendewa hivyo, kronor 225,000 kila mmoja. Japani ilikuwa na sharti kama hilo, na Oktoba 2023 Mahakama yao ya Juu ikasema linapingana na katiba. Fikiria: hata nchi ambazo hazijazi makanisa Jumapili zimeona aibu ya jambo hilo, na wewe uliyejazwa Roho unaliwekea kidole gumba.

Na usiseme ni ya Wazungu na Wajapani. Hapa Kenya kuna wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao walifungwa uzazi bila ridhaa yao. Mwingine anaingia leba kujifungua, anatoka hajui kwamba hatazaa tena. Walienda mahakamani mwaka 2014, wakazungushwa miaka minane, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Aliyefanya vile naye alikuwa na sababu nzuri kichwani. Alidhani anaisaidia jamii. Kila anayeamua nani anastahili kuzaa na nani hastahili huanza na kundi ambalo hakuna atakayelitetea. Leo ni transjenda. Jana alikuwa mama mwenye virusi. Kesho atakuwa maskini, au mlemavu, au binti yako.

Na Biblia je? Kumbukumbu la Torati 23:1 ilimfungia nje ya kusanyiko mwanamume aliyeharibiwa viungo vya uzazi. Liko pale, silifichi. Lakini endelea kufungua kurasa. Yeremia 38, nabii ametupwa kisimani, anazama matopeni, wakuu wote wa Yerusalemu wamekaa kimya. Nani alienda kwa mfalme? Ebedmeleki, Mkushi, towashi. Na sikiliza alivyo mwangalifu: alitafuta matambara na nguo zilizochakaa, akamwambia Yeremia aziweke kwapani ili kamba zisimchubue. Watu wenye uzao na vyeo walimtupa nabii. Aliyekatwa uzao ndiye aliyefikiria kwapa za nabii.

Halafu Isaya 56, mstari wa 3 hadi wa 5. Towashi anaambiwa asijiite tena mti mkavu, kwa maana Bwana atampa ndani ya nyumba yake jina lililo bora kuliko wana na binti. Halafu Matendo 8. Yule mkuu wa Ethiopia, towashi, anarudi nyumbani kutoka Yerusalemu amekaa garini anasoma Isaya 53. Sura tatu tu mbele yake kulikuwa na hiyo ahadi yake mwenyewe. Filipo alimwendea, akapanda garini, wakakaa pamoja. Alipouliza ni nini kinachomzuia asibatizwe, Filipo hakumwambia angoje uamuzi wa kamati ya wazee. Waliteremka majini.

Sisemi towashi na transjenda ni kitu kimoja. Nilikaa Bible college miaka ya kutosha kujua tofauti. Ninachosema ni kwamba Mungu huyu tunayemhubiri hajawahi kumcheka mtu kwa sababu ya hali ya uzazi wake. Hata mara moja. Nionyeshe mahali.

Na hapo ndipo penye jipu, na leo nalipasua.

Mdomo unaomcheka Zahhad ni ule ule unaomcheka dada aliyekaa kiti cha tatu kutoka mbele. Sitasema ni nani, na msianze kukisia. Ana ndoa ya miaka mingi na hajapata mtoto. Kwetu hapa mwanamke akizaa anapata jina: Mama Brayo, Mama Faith, Mama Njeri. Huyu jina lake halijabadilika. Kwenye chama akitoa wazo kuhusu watoto wa Sunday school, mtu anaguna. Jumapili ya kina mama, makanisa mengi huwaambia kina mama wote wasimame wapewe maua, na yeye anabaki ameketi, anasoma matangazo ambayo ameshayasoma. Siku moja shangazi ya mumewe alimuuliza mbele ya watu, "Wewe unakula tu?" Mnakumbuka Penina? 1 Samweli 1. Penina alimchokoza Hana mwaka baada ya mwaka, tena safarini kwenda nyumbani kwa Bwana. Uchokozi wa njia ya kanisani ni wa kale. Na kuhani Eli, mtu wa madhabahu, alipomwona Hana akilia alidhani amelewa.

Wapendwa, tumeugeuza uzazi kuwa sanamu. Ndiyo maana manabii wa uongo wanawala wanawake wetu mchana kweupe. Panda mbegu, tuma kwa M-Pesa, mwakani wakati kama huu utakumbatia mwana. Mwaka unaisha, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo, aongeze mbegu. Elisha alipomwambia Mshunami maneno kama hayo katika 2 Wafalme 4, alimtoza shilingi ngapi? Huyo mama ndiye aliyekuwa akimlisha Elisha na kumpa chumba, na hata hakuwa ameomba mtoto.

Ndio maana watu wetu wakienda kliniki za uzazi wanaenda kama wezi. Watoto wa kwanza waliotungwa maabara hapa nchini walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Ni miaka mingi sasa. Na bado nina wanandoa katika kusanyiko hili wanaojificha, wanadanganya wameenda mazishi ushago, kumbe wako kliniki, kwa sababu wanajua wakisema, kesho itakuwa kwenye kikundi cha maombi. Wanauza shamba kulipia, halafu wanabeba peke yao isiposhika.

Na kuna mwingine unayemcheka bila kujua. Huntha, mtoto aliyezaliwa na maumbile yasiyokaa wazi upande mmoja. Huyo hakuchagua kitu. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakaandikwa 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja na kuwalinda. Wengi wao wakikua, habari ya kuzaa ni jeraha. Ukicheka picha ile kwa sauti kwenye matatu au kwenye kibanda cha chai, hujui ni mama wa nani ameketi karibu nawe akishikilia siri ya mtoto wake. Wanafunzi walipomuuliza Yesu katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alikataa swali lenyewe.

Sasa neno kwa kijana unayesoma hapa kwa siri. Najua upo. Umefungua ukurasa huu kwa akaunti isiyo na picha. Labda umeshaanza kujinunulia homoni, au umeelekezwa na mtu wa kwenye intaneti ambaye hujawahi kumwona. Msimamo wangu unaujua, nimeuandika hapo juu, sitaurudia. Lakini mimi ni mchungaji wako kabla sijawa mwamuzi wako, kwa hiyo sikia: usimeze kitu bila daktari wa kweli, aliyekupima damu. Na muulize kuhusu watoto. Uko na miaka 19, unaniambia hutaki watoto kamwe. Sawa. Wengi wenye miaka 19 husema hivyo, hata wa kwaya. Lakini ukifika 32 huenda moyo ukageuka, na ukaambiwa kilichopotea hakirudi. Anayekuuzia dawa bila kukwambia hilo hakupendi, hata akikuita rafiki. Ukitaka kuja kuzungumza, njoo. Sitakupiga picha. Sitakutaja madhabahuni. Sitakuwekea mikono kwa nguvu mbele ya kamera. Ukitaka tuombe, tutaomba. Ukitaka tunywe chai tu, iko.

Na ninyi wazazi, mkisikia mtoto wenu ana mambo haya, msimfukuze usiku. Nimeshaona kinachotokea kwa anayefukuzwa usiku, na si toba.

Mwisho, ndugu zangu wachungaji. Juzi katika mkutano wetu mmoja wenu aliuliza, kwa kejeli, kama watu wa namna hii wangeleta mtoto awekwe wakfu ningefanyaje. Mkacheka. Mimi sikucheka, kwa hiyo najibu hapa hadharani.

Ningempokea. Ningemshika mtoto mikononi, ningemtaja kwa jina mbele za Bwana, ningemwombea afya na akili na wokovu. Katika Marko 10 wanafunzi ndio waliokuwa wakiwakemea walioleta watoto, na Yesu alichukizwa na wanafunzi. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba. Kama unaamini wazazi wamekosea, basi huyo mtoto ndiye mtu mmoja tu ndani ya hiyo picha ambaye huna hata la kumdai. Na ndiye uliyemwekea emoji. Siku moja atajua kusoma, na intaneti haisahau.

Kuweka mtoto wakfu si kufungisha ndoa. Tunalijua hili vizuri, ila tunajisahaulisha tunapotaka. Kuna makanisa mpaka leo mama aliyezaa bila ndoa anaambiwa alete mtoto wake Jumatano jioni, wakati viti ni vitupu, ili asitie doa ibada ya Jumapili. Lakini mheshimiwa akileta wa mke wa pembeni, na Prado imeegeshwa langoni, tunapanga mstari kumshika mtoto. Mungu anatuona.

Katibu wa kanisa ameniuliza, kadi yetu ina mstari wa baba na mstari wa mama, tungeandika nini? Nikamwambia tuandike majina ya waliomleta, yalivyo kwenye kitambulisho, na jina la mtoto liwe kubwa. Swali hilo lilipelekwa hadi Mahakama Kuu kule India. Kwetu litatatuliwa kwa kalamu.

Matangazo mawili. Kuanzia leo kikundi cha maombi ni cha maombi. Picha ile ikitumwa tena, aliyeituma ataondolewa na ataniona ofisini. Na wanandoa wanaosubiri mtoto, tunakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni, chumba cha nyuma, mlango wa upande wa choo cha wageni ili usipite mbele za watu. Hakuna sadaka itakayochukuliwa. Simu zinaachwa mlangoni.